Nilimkuta fundi bajaji amelalia mkeka wa harusi wa dada yangu

Wakuu, salaam aleikum. Wa bara, wa visiwani, wa ng'ambo, wote.

Leo sina utani. Kisa hiki kimenikuta hapa Kismayo. Sijatia chumvi hata punje. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu mji wetu mdogo na mimi bado nataka kuishi humu.

Mnisamehe na Kiswahili changu. Mimi Mbajuni, sikukaa darasani kusoma Kiswahili, nimekipata kwa Bibi na humu humu jukwaani. Kwa hiyo mkikuta "mchu" badala ya mtu, msianze kunirekebisha. Mmeelewa, tuendelee.

Niiteni Esha.

Mchana nakaa dukani kwa baba mdogo, tunauza kava za simu na kubadilisha vioo. Hiyo ndiyo kazi. Hobi yangu ni mikeka.

Najua, najua. Msichana wa siku hizi na mikeka wapi na wapi. Ngojeni.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa kisiwa cha Chula. Sasa hivi anaishi na sisi hapa mjini, macho yamechoka, magoti yamechoka, lakini vidole vyake vina kasi kuliko mdomo wangu. Na mnaonifahamu humu mnaujua mdomo wangu.

Mimi nachora kwenye simu. Kuna apu ya vyumba vyumba, unajaza rangi chumba kwa chumba. Hakuna aliyenifundisha, nimebofya bofya mpaka nikaelewa. Nikimaliza nampelekea Bibi. Anaishika simu mbali kama imeoza, anakunja uso, halafu anasema moja kati ya mawili.

Ama: "Hii haisukiki, futa."

Ama: "Hii umeiba wapi?"

Ya pili ndiyo sifa. Akiniambia hivyo nalala nikicheka.

Tukafungua ukurasa, tukauita Miyaa ya Bibi. Oda zikawa zinakuja moja moja, nyingi za watu wetu waliotoka tangu vita, wengine Mombasa, wengine Ulaya huko. Mtu anaishi ghorofani, nje barafu, anataka kitu cha kwao cha kutandika chini. Si biashara ya kutajirisha mtu. Lakini ni yetu.

Sasa niwaeleze mkeka unavyotengenezwa, maana bila hilo kisa hakieleweki.

Miyaa ni yale majani ya mkindu. Tunayachemsha na rangi, yanakauka, yanasukwa kuwa ukanda mrefu. Ukanda huo ndio ukili. Halafu kili zinapangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa pamoja, ndiyo unapata mkeka. Dizaini iko ndani ya ukili, haikuchorwa juu.

Kwa Bibi, mkeka wa harusi una masharti.

La kwanza, hauna pacha. Dizaini aliyopewa bi harusi hapewi mwingine, hata alie damu.

La pili, ule ukili wa mwisho kusukwa lazima ubakishwe kipande. Hakishonwi. Kinaachwa ncha wazi, kinakunjwa, kinafungwa uzi. Tunakiita mkia. Siku ya harusi mkia anapewa mama wa bwana harusi mkononi, mbele ya watu. Maana yake: binti yetu yuko kwenu, mkeka wake uko kwenu, ukichanika mtashona nyinyi.

Mimi nilikuwa najua hivyo tu. Kumbe kuna kipande sikuambiwa. Tutafika.

Dada yangu Mwanaidi ni mtoto wa mama mkubwa. Mama mkubwa alikimbia na vita, Mwanaidi kazaliwa kambini Kenya, kakulia Mombasa. Tumeongea kwenye simu miaka kabla hatujashikana mikono. Nilikuwa namrushia sauti za makelele ya soko la Kismayo ili azizoee. Wakuu, mchu akimgusa Mwanaidi mimi napandwa na wazimu, sijifichi.

Akaposwa na kijana wa hapa, Abdi. Mama yake Abdi asili yao kisiwa cha Ngumi, kwa hiyo ni wetu. Mwanaidi akaja. Mama mkubwa mwenyewe hakuweza, miguu na makaratasi vyote vilikataa.

Nikasema mkeka wa huyu nachora mimi, na utakuwa haujawahi kuonekana.

Nilichora nyayo za kitwitwi. Kale kandege kembamba ka pwani, kanakotembea juu ya tope la mikokoni maji yakitoka. Vidole vitatu mbele, hatua, hatua, hatua. Nyayo nyeusi, kili zote za mkeka, zinatoka nje kuelekea ukingoni.

Isipokuwa ukili mmoja. Ule wa mwisho.

Huo nyayo zinarudi. Na kila unyayo unaorudi una kitone chekundu pembeni. Ni kaa. Ndege katoka mtupu, karudi na kitu mdomoni.

Nilipomwonyesha Bibi hakusema nimeiba wapi. Aliikodolea simu muda mrefu, akanirudishia, akaenda kutia miyaa kwenye sufuria.

Harusi ikapita, Alhamdulillahi. Mkia akakabidhiwa Mama Abdi, kaubusu mbele ya wanawake wote. Mkeka wenyewe sikuupiga picha hata moja. Wa bi harusi hauwekwi mtandaoni, Bibi kakataa na mimi nikaona ana haki.

Ikapita kama mwaka. Mwanaidi sasa tumbo liko mbele. Nyumba imetulia.

Sasa hapa ndipo pa kushika mbavu.

Siku hiyo natoka kununua rangi, saa za mchana, jua kali. Kando ya barabara kuna bajaji imeinuliwa ubavu mmoja, na chini yake fundi kalala chali, mafuta machafu yanamdondokea: tii, tii, tii.

Nikatupa jicho tu. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Alichokilalia ni nyayo za kitwitwi.

Niliinama kama mchu aliyeangusha pete. Vidole vitatu, hatua, hatua, kitone chekundu. Za plastiki, wakuu. Zambarau! Ule mkeka wa plastiki wa dukani, Wasomali wanaita derin, na juu yake dizaini yangu, na juu ya dizaini yangu mgongo wa mchu, na juu ya mgongo oili.

"Inuka!" nikapiga kelele.

Akajigonga kichwa kwenye chuma. "Waryaa! Kuna nini? Nyoka?"

"Inuka kwenye mkeka wa dada yangu!"

Akatoka, akauangalia mkeka, akaniangalia mimi. "Walaal, ndugu yangu, huu nimenunua."

"Wapi?"

"Kwa Abti Nuur. Ziko nyingi, hata kijani zipo. Nenda kachukue wako, uniache na bajaji ya watu."

Ziko nyingi.

Abti Nuur ni mfanyabiashara, anashusha kontena za mazulia, makapeti, vitu vya plastiki. Abti ni mjomba kwa Kisomali. Mpwa wake alizoea kumwita hivyo, mji mzima ukafuata. Nikaenda mbio na buibui limekunjwa mkononi, sioni watu.

Duka limejaa. Zimepangwa mpaka dari. Kijani, buluu, zambarau, na rangi moja kama ya ini sijui wametoa wapi. Nyayo zangu kila mahali.

Nikaufungua mmoja wa kijani sakafuni. Nikapiga magoti, nikafuata safu kwa kidole.

Kila unyayo una kitone chekundu. Kila mmoja. Hakuna hata safu moja inayotoka. Zote zinarudi.

Sijui kama mnanipata. Mtu aliyeuona mkeka mzima angenakili mkeka mzima, nyeusi nyingi na safu moja yenye vitone. Huyu alikuwa na ukili mmoja tu mkononi, ndio kaurudia rudia. Na ukili huo uko peke yake mahali pamoja tu duniani.

Mkia.

Nikainua kichwa, Abti Nuur mwenyewe huyo anatoka nyuma ya makapeti, kikombe cha chai mkononi, anatabasamu. Nikamkumbuka. Nilimwona harusini, kakaa mbele na wazee. Yule mpwa aliyeanzisha jina la Abti ni Abdi. Huyu ni kaka yake Mama Abdi, tumbo moja.

"Umeupenda?" anasema. "Dizaini mpya hiyo. Ni yetu, hutaikuta kwa mwingine."

"Yenu?"

"Yetu."

"Abti, hizi nyayo nimechora mimi. Bibi yangu kazisuka. Huu ni mkeka wa harusi wa Mwanaidi!"

Wala hakushtuka! Alikunywa chai kwanza. "Aah, wewe ndiye mjukuu. Mashallah, kazi nzuri. Watu wanaipenda."

"Umeomba ruhusa kwa nani?"

"Na nyinyi mliomba kwa nani? Mliziona nyayo kwenye tope, mkachora. Mlimwomba ndege?"

Vibarua wake wakacheka. Mmoja akaanza kulia kama ndege.

Nilimtupia kifuani ile hela ya rangi niliyokuwa nayo mkononi, nikabeba ule mkeka wa kijani begani, nikatoka.

Hapa mchu mwenye akili angeenda nyumbani, anywe maji, amwambie Bibi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Abdi.

Sebule imejaa wanawake. Jirani, shangazi, watu wa nyumba, wanakunywa chai ya maziwa, wanapanga mambo ya mtoto atakayezaliwa. Mwanaidi yuko pale anapitisha sinia, kachoka kachoka lakini uso unang'aa.

Sikutoa hata salamu. Niliutupa ule mkeka wa plastiki katikati yao, ukajikunjua wenyewe mpaka miguuni kwa Mama Abdi.

"Mama Abdi, mkia wetu uko wapi?"

"Esha, karibu mwanangu, kaa kwanza..."

"Sikai! Mlipewa mshonee mkeka, mmekwenda kufungulia kiwanda! Mafundi bajaji wanaulalia! Nataka mkia wetu. Nirudishieni mkia wetu sasa hivi!"

Sebule ikawa msiba.

Shangazi mmoja mzee kashika kifua, "Inna lillahi." Mwingine akaanza kukusanya vikombe, vile unavyokusanya vyombo mambo yakiharibika.

Mwanaidi akaniuliza taratibu, sauti ndogo kabisa: "Esha. Bibi ndiye kakutuma?"

Mimi nikaona ananiuliza kama Bibi anajua. Nilitaka nionekane sikuja peke yangu. Nikasema, "Ndio! Kanituma Bibi."

Mwanaidi akaweka sinia chini. Akaingia chumbani kwake.

Mama Abdi naye kaingia chumbani kwake. Akarudi na kitu kimefungwa kitambaa cheupe chenye ubani. Akakifungua. Mkia wetu, na uzi wake. Machozi yanamtiririka, hayafuti.

"Chukua," anasema. "Nguo zake zitafuata. Lakini mtoto nitaomba niletewe nimwone."

"Nguo za nani?"

"Za Mwanaidi. Si mmekuja kumchukua?"

Nikasema simchukui mtu, nataka mkia tu. Yule shangazi mzee akanitazama kama mchu asiye na akili.

"Wewe binti, hukufundishwa? Mkia haurudi peke yake. Kwao mke wakiudai mkia mbele ya watu, wamemwita mtoto wao nyumbani. Ndoa imekwisha."

Wakuu.

Sikujua. Wallahi sikujua! Nimezaliwa mjini, mambo ya visiwani nimeyapata vipande vipande, na kipande hiki hakuna aliyewahi kunipa, maana hakijawahi kuhitajika nyumbani kwetu. Nilikuwa nimesimama pale na ukili mkononi, nimempa dada yangu talaka.

Mimi. Ninayejifanya nafia Mwanaidi.

Mlangoni kwa Mwanaidi nasikia sanduku linaburutwa.

Nikaurudisha mkia mapajani kwa Mama Abdi, akausukuma, nikaurudisha, akausukuma. "Umeshaudai," anasema. "Umesema umetumwa. Mimi siwezi kuushika tena."

Nikatoka mbio, mkia mkononi.

Nyumbani Bibi kakaa, anasuka. Nikamwambia yote, nikilia, nikikohoa, nikianzia mwisho. Nilipofika kwenye "nikasema umenituma," vidole vikasimama. Sijawahi kuviona vikisimama katikati ya ukili.

Nilingoja anitukane. Bibi akitukana kuta zinasikia.

Akasema tu, "Umemwachisha mwenzio kwa ajili ya plastiki."

Akanyanyuka, akavaa buibui, akatia kwapani mfuko wake wa kazi. Humo ana kisu na shazia, ile sindano nene ya kushonea mikeka.

"Lete huo mkia. Nyuma yangu. Na huko ukifungua mdomo nakushona nao."

Tukafika kwa Mama Abdi alasiri. Abdi karudi kazini, kasimama uani kama mti, hajui afanye nini na mikono yake. Sanduku la Mwanaidi liko mlangoni. Wale wanawake hakuna hata mmoja aliyeondoka. Nani ataondoka?

Bibi akasalimu, akaitikiwa. Mama Abdi akataka kumsogezea kiti.

"Kiti sitaki. Nitandikieni mkeka wa mjukuu wangu niukalie."

Wakatazamana. Abdi akaenda chumbani, akautoa, akautandika. Jamani, nilikuwa nimesahau ulivyo mzuri. Nyeusi zote zinatoka, na ile safu moja pembeni inarudi na kaa wake.

Bibi akakaa katikati. Akaupapasa kwa kiganja, pole pole, huku na huku, anatafuta. Mkeka umetunzwa. Hauna hata uzi uliolegea.

Akauvuta mfuko, akatoa kisu.

Akauchana.

Kraa. Mkeka aliousuka mwenyewe, kwa macho yale, akauchana pembeni, kipande kirefu kama mkono. Mimi nilipiga ukelele, mdomo au si mdomo. Mwanaidi akatokea mlangoni kashika tumbo.

Bibi akainua kichwa, akawaangalia wote mmoja mmoja.

"Mkeka umechanika," anasema.

Hakuna aliyebisha.

"Esha kauulizia mkia kwa sababu mkeka umechanika. Nilimtuma aje kuwaambia, ana haraka, kasema nusu." Akachukua mkia mkononi mwangu, akaukata uzi. "Kushona si kazi yangu. Tulipatana mtashona nyinyi."

Akampa Mama Abdi shazia.

Mama Abdi akaipokea kwa mikono miwili. Akakaa chini kando ya Bibi. "Mama, mimi sijui kushona vizuri."

"Shona vibaya."

Akashona. Mwanaidi akaja akakaa upande wa pili, akashika ncha ya ukili usivutike. Abdi naye kachuchumaa, akaambiwa na mama yake, "Ondoa kivuli chako." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi.

Huko kwenye kushona ndiko Mama Abdi alikosema. Hakuna aliyemuuliza. Alimwonyesha kaka yake mkia kwa kujisifu. "Nilimwambia tazama, tazama mkaza mwanangu katoka nyumba gani. Akapiga picha. Nikadhani anaipendea macho. Zilipokuja hizi za plastiki nikaona haya, Mama, lakini kaka yangu, ningefanyaje? Nikanyamaza, nikasema labda hamtaona."

Bibi akagusa ushono kwa kidole. Alisema, "Vuta uzi. Hapo umelegeza."

Ulipomalizika mkia wote ulikuwa ndani ya mkeka. Hakuna kipande kilichobaki. Hakuna cha kurudisha, hakuna cha kupiga picha. Na kovu limekwenda upande, kama limeshonwa na mchu aliyepanda mashua kwenye mawimbi. Ndege wawili watatu wamekatika vichwa... vidole, namaanisha.

Sanduku likarudi chumbani. Mwanaidi alinipitia tu akanifinya mkono, kwa nguvu, mpaka sasa sijui ilikuwa nakupenda au nitakuua.

Sasa tunarudi nyumbani, mimi na Bibi, pole pole kwa ajili ya magoti. Tukapita pale kwa fundi. Bajaji imeshasimama, na yeye kafunga kazi, mkeka wa zambarau umebaki chini. Aliponiona akarudi nyuma hatua.

"Walaal, leo tena?"

Bibi akasimama. Kule kwa Mama Abdi hakutaka kuuangalia ule wa kijani, ulikuwa umeachwa sakafuni akauruka kama maji machafu. Sasa akavua kiatu kimoja, akaukanyaga huu wa zambarau, akainama mpaka pua karibu iguse.

"Aliyefanya hivi hajui kusuka," anasema.

Nikasema, "Ndio Bibi, mwizi tu."

"Kawarudisha wote."

Nikainama na mimi.

"Tazama. Hakuna anayetoka hata mmoja. Wote wanarudi, kila mmoja na kaa wake."

Bibi ana watoto sita, wakuu. Hapa tumebaki na mama yangu tu. Wengine ni sauti za simu. Wengine si hata sauti.

Alipapasa unyayo mmoja kwa kidole gumba cha mguu. Halafu akavaa kiatu.

"Kaninunulie mmoja."

"Bibi!"

"Wa kijani. Huo zambarau unaumiza macho."

Kwa hiyo kesho yake mimi Esha, mchoraji, mwenye dizaini, nilikwenda kwa Abti Nuur, maana ule wa kwanza wanawake wa kwa Mama Abdi walikuwa wameshamgawia jirani. Nikasimama kaunta. Alishasikia yote, mji mdogo. Hakunipa chai, hakunitania ndege. Aliukunja mwenyewe, akaufunga kamba, akakataa kupokea kitu, na hakuniangalia usoni. Nikaweka hela juu ya kapeti nikaondoka. Sitaki kupewa zawadi kilicho changu.

Mpaka ninapoandika bado ziko dukani. Anasema hizi zikiisha haleti tena. Mimi naona tu, siapi.

Nilichojifunza:

Nilikuwa nalinda mlango usio wenyewe. Naficha picha, naweka jina langu juu ya kila posti, nagombana na watu mtandaoni. Kumbe dizaini ilitoka kwa mlango wa mbele, imebusiwa, mbele ya mashahidi. Mkia wenye ncha wazi ni somo zima. Mchu yeyote akiufungua anakuona ulivyowaza. Sasa wateja wetu wa kawaida mkia wao nausuka mtupu, bila dizaini. Wa harusi Bibi kakataa kubadilisha. Anasema ukimpa mtu mwanao, halafu unamnyima ukili, umempa nini? Hapo nimeshindwa kumjibu, nipeni jibu.

La pili, kabla hujadai kitu chako kwa kelele, muulize mkubwa kudai huko kuna maana gani kwenu. Mimi nilikuwa na haki, wallahi nilikuwa na haki, na haki hiyo hiyo ingemlaza mtoto wa watu bila baba.

Ninachotaka kwenu: kuna mwenye kujua namna ya kusajili dizaini ukiwa huku kwetu, ambako hata ofisi ya kuulizia sijui iko mlango gani? Mombasa inawezekana kwa niaba? Na mafundi wa kofia, wachora hina, washona madira, mliowahi kukuta kazi yenu imelaliwa na mchu, mlifanyaje? Mwageni hapa chini. Matusi kwa Abti Nuur wekeni akiba, ni mkwe wetu, nitawatukana mimi kwanza.

Ule wa kijani Bibi kautandika chumbani kwake. Nilidhani ataswalia au ataulalia. Hapana. Anakaa pembeni, kwenye sakafu tupu, anasuka, na mkeka uko mbele yake. Jana nimemuuliza kwa nini hakai juu.

Akasema, "Wakija watakaa wapi?"